Niamshe Saa Kumi na Moja

Hotuba ya fundi wa umeme mstaafu kwenye mahafali ya chuo cha huduma za hoteli, Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi mlioamka usiku kuwahi basi la kuja kuwaona watoto wenu, na ninyi wanangu mnaohitimu leo: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi.

Mkuu wa chuo aliponipigia simu aliniomba nizungumzie biashara ya hoteli katika miaka ijayo. Nikamwambia, mwalimu, hayo wapo wanaoyajua kunishinda. Mimi ni fundi. Nimefanya kazi hotelini miaka 31, minne ya kwanza nikiwa mapokezi na iliyobaki nikiwa na bisibisi mkononi. Nikamwomba aniruhusu nizungumzie kitu kimoja ninachokijua mpaka ndani: kengele iliyokuwa ikimwamsha mgeni chumbani kwake kwa umeme, enzi ambazo simu ilikuwa haijafika vyumbani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, njoo.

Nimekuja nayo moja. Iko humu sandukuni.

Hii hapa. Mlio nyuma simameni muione. Niliipata kwa muuza vyuma chakavu imejaa kutu, nikakaa nayo majuma mawili. Hiki kikombe cha shaba kilichopinduliwa ndicho kinachotoa mlio. Hii ni nyundo yake, kichwa chake hakizidi punje ya njegere. Hizi koili mbili ni waya mwembamba uliozungushwa juu ya vyuma viwili, na waya wote umevikwa uzi ili usijigusishe wenyewe kwa wenyewe. Hiki kipande cha chuma kinachochezacheza mbele ya koili kimeshikwa na springi. Sasa naiunganisha na betri mbili za tochi. Sikilizeni.

Mmesikia. Nyundo imepiga mara nyingi ndani ya sekunde moja, na mkono wangu uko mbali nayo. Siri yote iko kwenye hii skrubu ndogo. Umeme ukitoka kwenye betri unapita kwenye skrubu, unaingia kwenye springi, unazunguka koili na kurudi ulikotoka. Koili zikipata umeme, vyuma vyake vinageuka sumaku, vinakivuta kipande hiki, nyundo inagonga. Lakini kipande kikivutwa kinaachana na skrubu, na hapo hapo umeme unakatika. Sumaku inakufa. Springi inakirudisha kipande mahali pake, kinagusa skrubu, umeme unapita tena. Kila pigo linajikata lenyewe na kuliita pigo linalofuata, mpaka aliyebonyeza aachie kidole. Nimefungua mashine nyingi maishani mwangu, na sijaona nyingine yenye akili kiasi hiki kwa vipande vichache kiasi hiki.

Mwaka 1831, katika mji wa Albany jimbo la New York, mwalimu mmoja aitwaye Joseph Henry alizungusha waya wenye urefu wa zaidi ya maili moja ndani ya chumba cha shule, na mwisho wa waya akaweka sumaku ya umeme na kengele. Akigusisha betri upande huu, kengele inalia upande ule. Ile ya Henry iligonga pigo moja kila alipopitisha umeme. Hii ya kujikata na kujirudia ilitokana na kazi za mafundi wa Ulaya waliomfuata, hasa Johann Philipp Wagner na Christian Ernst Neeff wa Frankfurt, Ujerumani.

Kilichokosekana bado ni betri ya kukaa hotelini. Betri za zamani zilikuwa na asidi kali, zilitaka mtu wa kuziangalia kila siku, na nani ataweka asidi kwenye kabati la ngazi? Jibu lilitoka mwaka 1866, kwa mhandisi Mfaransa Georges Leclanché. Betri yake ilikuwa chupa ya kioo yenye maji yaliyokorogwa na chumvi ya amonia. Ndani ya maji hayo kulisimama ufito wa zinki, na pembeni yake chungu kidogo cha udongo ambacho hakikutiwa rangi wala kung'arishwa. Mnaujua mtungi wa maji wa bibi, ule unaotoa jasho nje? Chungu hicho kilifanya kazi kwa tabia hiyo hiyo: unyevu ulipenya kwenye udongo, lakini vilivyomo ndani, yaani unga wa dioksidi ya manganisi na kaboni, vilibaki mahali pake.

Betri hiyo ilikuwa na udhaifu mmoja. Ukiitumia mfululizo inachoka upesi. Ukiiacha ipumzike, nguvu zinarudi. Kwa taa huo ni udhaifu mkubwa. Kwa kengele inayolia nusu dakika kisha ikakaa kimya saa nzima, hakukuwa na betri bora. Kila chupa ilitoa kama volti moja na nusu, zikapangwa kadhaa kwa mstari ndani ya kabati, na kazi ya fundi ikawa kuongeza maji na kubadilisha ufito wa zinki ukishaliwa. Ndiyo maana kengele za umeme ziliingia hotelini kabla ya taa za umeme. Hoteli ya Savoy ya London ilipofunguliwa mwaka 1889 ilijivunia taa za umeme nyumba nzima kama jambo jipya. Kengele za umeme zilikwisha kuzoeleka miaka mingi nyuma. Mgeni alilala na mshumaa au taa ya gesi, na umeme wa kwanza kuukaribia mto wake ulikuwa wa kengele.

Sasa turudi nyuma kidogo. Kabla ya haya mgeni aliamshwaje?

Aliamshwa kwa miguu ya mtu. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa. Ramadhani, usiku wa manane, wanapita vijana na ngoma na makopo mtaa kwa mtaa wakiamsha watu kwa daku, na asiyeamka ana lake. Uingereza ya viwanda ilikuwa na watu wa kazi kama hiyo mwaka mzima. Walipita alfajiri na mti mrefu wakigonga madirisha ya ghorofani ya wafanyakazi waliowalipa kwa wiki. Kulikuwa na mama mmoja wa mashariki ya London, Mary Smith, aliyetumia mrija kupulizia njegere kavu kwenye kioo cha dirisha, kwa peni sita kwa wiki. Picha yake ipo mpaka leo, ameinua mrija kama mpiga zumari. Nampenda yule mama kwa sababu hakuondoka dirishani mpaka mteja ajitokeze.

Hotelini kazi ilikuwa ya mhudumu wa usiku. Alikuwa na kibao cha kuandikia chaki: chumba fulani, saa fulani. Ikifika saa anachukua taa, anapanda ngazi, anagonga mlango. Mambo ya kuharibika yalikuwa mengi. Aligonga mlango usio wake. Alimwamsha wa chumba namba 30 na kuta nyembamba zikamwamsha wa 29 na wa 31. Alisinzia mwenyewe. Na baya kuliko yote, hili nalijua kwa macho yangu hata kwa zama zetu: mgeni anaitikia "ndiyo, nimeamka," mhudumu anashuka ngazi akijua kazi imekwisha, na mgeni anageukia ukutani na kulala tena. Kibaoni alama ya vema imewekwa. Treni imeondoka.

Nyaya za kuitia watu zilikuwepo hata kabla ya umeme. Hoteli ya Tremont House ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1829 chini ya ramani ya Isaiah Rogers, ndiyo iliyozoesha Wamarekani chumba chenye kufuli lake na sabuni ya bure, na mgeni alikuwa na njia ya kuita mhudumu bila kufungua mlango na kupiga kelele koridoni. Lakini waya wa kuvutwa kwa mkono una mipaka. Ukipinda kona tatu unakwama, ukirefuka unalegea. Waya wa umeme haujali kona.

Basi ukaja ubao wa namba. Fikirini ubao wa mbao ukutani nyuma ya karani, wenye vidirisha vidogo, kila kimoja na namba ya chumba. Mgeni akibonyeza kitufe kando ya kitanda, kengele moja inalia ofisini na kibati cha namba yake kinadondoka kwenye kidirisha chake. Karani anainua macho: 47. Anamtuma kijana juu, kisha anasukuma kijiti kurudisha kibati mahali pake. Kila namba ilikuwa na sumaku yake ndogo nyuma ya ubao, na kila chumba waya wake, kisha waya mmoja wa pamoja wa kurudi kwenye betri. Hoteli ya vyumba 200 ina maana nyaya 200 zinazoteremka ndani ya kuta kuja kukutana nyuma ya ubao mmoja. Nyaya hizo zilivikwa uzi wa pamba tabaka mbili, moja ikizungushwa kulia na nyingine kushoto, halafu zikachovywa kwenye nta ya parafini. Aliyezifunga bila kuzichanganya alikuwa fundi, nami namvulia kofia.

Huo ubao ulikuwa na upungufu. Mgeni aliweza kuita ofisi, ofisi haikuweza kumwita mgeni. Ndipo wakatengeneza ubao wa kurudisha mwito: chini ya kila namba karani naye akapewa kitufe, na kando ya kitanda ikafungwa kengele kama hii niliyoshika. Mgeni ameomba aamshwe, karani anabonyeza 47, na inalia 47 peke yake. Aliyelala 46 haamki. Mgeni wa 47 anabonyeza kitufe chake kujibu, na kibati chake kinadondoka chini mbele ya karani.

Hapo naomba msimame kidogo. Watu wakiiona mitambo hii wanasifu mlio. Mimi nasifu kile kibati kinachodondoka. Mlio ungeweza kupatikana kwa debe. Kibati kilimpa karani kitu ambacho mhudumu wa kibao cha chaki hakuwa nacho: mgeni amenyoosha mkono, amekitafuta kitufe, amekibonyeza. Fundi makini angeweza hata kukiweka kitufe hicho mbali na kitanda, ili kukifikia lazima miguu iguse sakafu. Kibati kisipodondoka, karani anabonyeza tena. Kisipodondoka mara ya tatu, anatuma mtu juu, kwa sababu huenda mgeni ni mgonjwa.

Bado palikuwa na karani katikati, na karani naye anasinzia. Wabunifu wakaifunga saa ya ukutani kwenye sakiti. Mifumo ya namna hii ilitofautiana katika mengi, lakini wazo lake lilikuwa hili. Kuzunguka uso wa saa wanapanga vipande vidogo vya shaba, kimoja kwa kila robo saa. Saa 12 zina robo 48. Mshale wa saa una ulimi mwepesi wa shaba unaogusa kipande kimoja, unakiacha, unakwenda kingine. Chini ya saa kuna ubao wenye matundu, safu za kulala zikiwa za vyumba na safu za kusimama zikiwa za nyakati. Jioni mgeni anakuja dawatini. Karani anachukua pini ya shaba, anatafuta chumba chake kwa kidole cha kushoto na wakati wake kwa kidole cha kulia, pale vidole vinapokutana anachomeka. Basi. Usiku mshale unatembea. Ukifika kwenye robo ile, umeme unapita kwenye ulimi, unashuka safu nzima ya wakati ule, na kila palipo na pini unaingia chumbani. Pini nne kwenye safu moja zinaamsha watu wanne kwenye ghorofa nne kwa wakati mmoja, na mhudumu wa usiku hajainuka kitini.

Nilipoona mchoro wa ubao kama huo kwa mara ya kwanza, niliweka kitabu chini na kukaa kimya kwa muda mrefu. Wenzangu kazini walidhani nimepata taarifa ya msiba. Kweli nilikuwa nakumbuka msiba.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili mapokezi, katika hoteli ambayo sitaitaja. Jioni alikuja mama mmoja wa makamo, kanga mbili, mkoba mmoja. Akalipa chumba kwa noti alizozifungua kwenye ncha ya kanga. Akaniambia, "Mwanangu, niamshe saa kumi na moja. Nawahi basi la kwanza la Lushoto. Nakwenda kumzika dada yangu." Nikamwambia, "Pole sana mama. Usiwe na wasiwasi, lala." Nikachukua kitabu cha zamu nikaandika namba ya chumba, na mbele yake nikaandika 11.

Saa nne usiku nilimkabidhi mwenzangu zamu nikaenda zangu. Usiku ule hoteli ilijaa wageni kutoka nje, na nyakati zao zote kitabuni ziliandikwa kwa saa ya Kizungu: 6, 7, 7 na nusu. Mwenzangu akasoma 11 kama alivyosoma nyingine zote. Kwake ilikuwa saa tano asubuhi.

Nilirudi kazini saa mbili asubuhi. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mapokezi, viatu vyake ameviweka mapajani. Jua ndilo lililomwamsha, saa moja na nusu, akashuka ngazi mbio bila kuvivaa. Basi la kwanza lilikwisha kuondoka, na la pili lisingemfikisha kabla ya maziko. Aliponiona hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mwanangu, nilikuambia."

Kweli aliniambia. Wala mwenzangu sikumlaumu, maana alisoma kilichoandikwa. Mkono ulioandika ulikuwa wangu.

Miaka mingi baadaye ndipo nikauona ubao ule wa pini, na nikaelewa ungemfanyia nini yule mama. Namba 11 kwenye kitabu inaweza kuwa alfajiri kwa mmoja na karibu mchana kwa mwingine. Tundu kwenye ubao liko mahali pamoja. Karani na mgeni wanasimama mbele ya saa moja, ileile itakayofanya kazi ya kuamsha. Mgeni anaonyesha kwa kidole mshale utakapokuwa, karani anachomeka pini hapo, na wote wawili wanaiona. Zamu ikibadilika, hakuna cha kusomwa upya. Pini iko tunduni.

Wala msidhani mkanganyiko wa saa ni wetu Waswahili peke yetu tunaohesabu kuanzia jua linapochomoza. Marekani mpaka mwaka 1883 kila mji ulikuwa na saa yake iliyofuata jua la hapo, na kampuni za reli zilikuwa na saa zao nyingine. Msafiri aliteremka kwenye treni saa ya reli ikisema hivi na saa ya hoteli ikisema vile. Tarehe 18 Novemba mwaka huo kampuni za reli za Marekani na Kanada zilirekebisha saa zao kwa pamoja na kuanza kufuata kanda za saa. Bila hatua hiyo, mfumo wa kumwamsha mgeni kwa treni ungekuwa unalia sawasawa kwa wakati usio wa treni. Saa ya hoteli ilibidi kwanza ikubaliane na saa ya stesheni.

Mwaka huo huo wa 1883, tarehe 10 Januari, hoteli iitwayo Newhall House katika mji wa Milwaukee iliungua. Moto ulianza kabla ya alfajiri, nyumba ina ghorofa sita, watu wamelala. Walikufa zaidi ya 70, wageni pamoja na wahudumu waliolala ghorofa za juu. Wengi waliruka madirishani. Sitaki kuwaharibia siku yenu kwa kueleza zaidi. Nasema tu kwamba baada ya mioto ya namna hiyo, waliouza mbao za kurudisha mwito walizinadi kwa kazi mbili: kumwamsha mgeni wa treni, na kuwaamsha wote kwa moto. Nyaya zilikwisha kuwepo, kengele iko kando ya kila kitanda. Kilichohitajika ni swichi moja kubwa ya kuunganisha safu zote. Wanangu, mkifika kwenye hoteli mtakayoajiriwa, siku ya kwanza muulize kengele ya moto inajaribiwa lini, na ikijaribiwa nani anapita vyumbani kuhakikisha inasikika mlango ukiwa umefungwa na feni inazunguka. Mkijibiwa kwa kigugumizi, ulizeni tena kesho yake.

Simu iliyamaliza haya kwa haraka. Mwaka 1894 Hotel Netherland ya New York iliweka simu vyumbani, na hoteli nyingine zikafuata. Mwamsho ukawa sauti ya mtu: habari za asubuhi, ni saa fulani. Ubao wa namba ukaondolewa ukutani, nyaya zikaachwa ndani ya kuta. Baadaye kompyuta ikachukua nafasi ya yule mwenye sauti, na leo kila mgeni ana simu yake mfukoni.

Hata hivyo watawaomba. Mimi nilistaafu wakati simu za mkononi zimekwisha kujaa kila mahali, na bado hakupita usiku bila mgeni kuja dawatini kusema naomba mniamshe. Mwenye ndege ya alfajiri. Mwenye mtihani. Anayekunywa dawa ya usingizi kwa amri ya daktari. Mwenye simu isiyokaa chaji. Na anayefiwa, ambaye hajalala siku tatu na anajua akilala leo hatasikia kitu. Watu hao hawaiamini mashine yao kwa usiku huo, wanawaamini ninyi.

Mrudieni mgeni saa yake kwa namna zote mbili. "Saa kumi na moja alfajiri, yaani 5:00 kwa saa ya Kizungu, sivyo mama?" Mngojeni aitikie. Andikeni kwa tarakimu nne na muandike alfajiri, asubuhi au jioni mbele yake. Mkikabidhi zamu, someni kitabu kwa sauti, mwenzenu arudie. Mashine ikipiga simu na mgeni akanyanyua bila kusema neno, msihesabu kwamba ameamka. Pigeni tena kwa mkono wenu. Asipojibu, pandeni ngazi.

Kuna wageni ambao kengele hii yote ninayoisifu haiwafai kitu, nao ni viziwi. Miaka yote ile ya pini na shaba, kiziwi alibaki akimtegemea mtu mwenye ufunguo aingie amguse bega, au asilale kabisa. Siku hizi kuna kitetemeshi kinachowekwa chini ya mto na taa inayowaka na kuzimika ukutani, na Marekani sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu imezilazimu hoteli kuwa na vyumba vyenye vifaa vya kuwaarifu wasiosikia. Kwetu ni vichache mno. Nimeingia hoteli kubwa, za bei ya kutisha, nikauliza, nikajibiwa kwamba wageni kama hao hawaji. Hawaji kwa sababu hakuna wa kuwaamsha moto ukizuka. Mheshimiwa mgeni rasmi, wewe una nafasi ya kulisema hili mahali ambapo mimi sifiki. Nakuomba ulibebe.

Nimeongea kuliko nilivyopewa, namwona mwalimu anaangalia saa. Kengele hii naiacha hapa chuoni, iwe kwenye meza ya karakana ambapo kila mwanafunzi anaweza kuigusa. Skrubu nimeiweka iiguse springi kidogo tu. Atakayeikuta imenyamaza asiikimbilie koili, koili ni nzima. Aisugue ncha ya skrubu taratibu kwa msasa laini kabisa mpaka iwe inang'aa, aigeuze robo mzunguko kwenda kulia, halafu ajaribu. Betri zinazofaa ni mbili, zisizidi tatu. Na huyu binti wa mstari wa kwanza, wewe mwenye kitambaa cha bluu, umekuwa ukiitazama tangu nilipoifungua. Njoo mwanangu, gusa hapa na hapa. Usiogope, ni volti tatu tu. Haya, bonyeza.